Uvimbe Usiouma Usidharauliwe: Tuzifahamu Saratani za Tezi za Jasho

Jasho ni mwenzetu wa kila siku. Jembe, moshi wa jikoni, ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, vyote hututoa jasho, wala hatulifikirii mpaka nguo ilowe. Ni wachache kati yetu waliowahi kusikia kwamba vile vijitezi vidogo vinavyotoa jasho navyo vinaweza kupata saratani, yaani kansa.

Saratani hizi ni za nadra. Ukizikusanya saratani zote za ngozi, hizi za tezi za jasho hazifikii hata 1 katika kila 100. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumhudumia mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa huu. Basi kwa nini tuuzungumzie mwezi huu?

Tunazo sababu mbili. Kwanza, ugonjwa wa nadra ndio unaopitwa kwa urahisi. Mgonjwa haujui, jirani haujui, na mara nyingine hata mhudumu wa afya hakuwahi kuuona. Unaitwa jipu, unaitwa chunjua, unaitwa sugu, unaitwa fangasi, na miezi inapita. Pili, hatua za kuugundua ndizo zile zile zinazowaokoa watu wenye saratani nyingine za ngozi ambazo hapa kwetu si za nadra, kama zile zinazowapata ndugu zetu wenye ualbino, au ile saratani nyeusi ya unyayoni. Mama akizijua hatua hizi amejifunza mambo mengi kwa mara moja.

TEZI ZA JASHO NI NINI?

Ngozi ya mtu mzima ina tezi za jasho zipatazo milioni 2 hadi 4. Kila moja ni kama uzi mwembamba uliojisokota chini ya ngozi, wenye mfereji mdogo unaopanda hadi juu na kufunguka kwa kitundu tusichoweza kukiona kwa macho.

Tezi hizi ni za aina mbili kubwa. Za kwanza zimeenea karibu mwili mzima, na zimesongamana zaidi kwenye viganja, nyayo na kipaji cha uso. Kazi yake ni kutoa jasho jepesi la maji na chumvi ili kuupoza mwili. Za pili zipo sehemu chache tu: makwapani, kinenani na sehemu za siri, kuzunguka chuchu, na kwenye kope. Hizi huanza kazi mtoto anapobalehe. Jasho lake ni zito kidogo, na vijidudu vya kwenye ngozi vikilichachua ndipo harufu ya kwapa inapotokea.

Jambo moja tulishike tangu sasa, maana tutalirudia: titi la mama, kwa asili yake, ni ndugu wa karibu wa tezi hizi za aina ya pili. Ndiyo maana saratani ya tezi za jasho za kwapani na saratani ya titi zinaweza kufanana sana hata chini ya darubini.

AINA ZAKE

Saratani za tezi za jasho si ugonjwa mmoja. Wataalamu wameorodhesha aina nyingi, na hatuna haja ya kuzikariri zote. Tutataja nne ambazo ni vizuri mama akawa na picha yake.

1. Porokasinoma. Hii hutokana na mfereji wa tezi. Madaktari wa Marekani, Hermann Pinkus na Amir Mehregan, waliieleza mwaka 1963. Huwapata zaidi watu wazima wa miaka 60 na kuendelea, na mara nyingi hutokea mguuni, ingawa inaweza pia kuwa kichwani au usoni. Huonekana kama kinundu chekundu au cha rangi ya ngozi, au kama chunjua. Wakati mwingine huanzia kwenye uvimbe mdogo usio na madhara ambao mtu amekaa nao miaka kumi au zaidi, kisha siku moja ukabadilika: ukakua haraka, ukatoa damu au ukafanya kidonda.

2. Saratani ya vifuko vidogo ya usoni. Wataalamu huiita saratani ya adneksa ya vifuko vidogo, na ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Hupenda uso, hasa kuzunguka mdomo wa juu, pua na macho. Kwa nje ni kovu gumu tu, au kijibaka cha rangi ya ngozi kisicho na maumivu. Lakini chini yake inatambaa mbali, na hupenda kufuata mishipa ya fahamu. Mgonjwa anaweza kusema, "Hapa mdomoni nasikia ganzi," au "Panawasha kwa ndani." Mara chache sana husambaa kwenda viungo vingine. Hatari yake ni kutambaa pale pale usoni na kurudi baada ya kukatwa.

3. Saratani ya vidole. Hii hutokea kwenye vidole vya mikono au vya miguu, mara nyingi kwa watu wa makamo, na wanaume hupata zaidi kuliko wanawake. Ni uvimbe unaokua polepole karibu na kucha au kwenye nyama ya kidole. Mwaka 2022 watafiti waliripoti kwamba waliikuta ikiwa na kirusi cha jamii ya HPV, aina ya 42. Jamii hiyo ndiyo yenye virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ingawa aina zake ni nyingine.

4. Ugonjwa wa Paget wa nje ya titi. Umepewa jina la daktari James Paget wa London, ambaye mwaka 1874 alieleza ugonjwa wa chuchu unaoambatana na saratani ya titi. Huu wa nje ya titi huwapata zaidi akina mama waliokwisha kukoma hedhi, na mahali pake hasa ni mashavu ya uke. Wataalamu wengi huuhesabu pamoja na saratani za tezi hizi. Unaanza kama muwasho. Kisha linaonekana baka jekundu lenye sehemu nyeupe, wakati mwingine lenye unyevu au magamba. Mama anapewa dawa ya fangasi, baadaye dawa ya pumu ya ngozi, baadaye tena ya fangasi. Kwa sababu ya aibu hasemi kwamba hajapona, naye anaendelea kujikuna kwa siri.

DALILI ZA KUTUSHTUA

Tatizo kubwa la saratani hizi ni kwamba mwanzoni nyingi haziumi. Sisi akina mama tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Kisipouma tunasema, "Si kitu." Kwa uvimbe wa ngozi kipimo hicho hakifai. Jipu huuma na huiva kwa siku chache, lakini saratani inaweza kukaa kimya mwaka mzima.

Nenda kituo cha afya ukiona moja ya haya:

- Kinundu kipya kinachoendelea kukua kwa zaidi ya wiki sita.
- Uvimbe wa zamani uliobadilika: umekua, umebadilika rangi, unatoa damu au majimaji ukiguswa kidogo.
- Kidonda kisichopona kwa wiki nne hadi sita ingawa kinasafishwa na kufungwa vizuri.
- Chunjua au sugu inayorudi pale pale baada ya kuondolewa.
- Kovu gumu usoni ambalo hukumbuki liliumiwa na nini, hasa kama pana ganzi.
- Muwasho na baka sehemu za siri au kwenye chuchu moja, usiopona kwa dawa za kupaka.
- Uvimbe kwapani au kinenani, ule tunaouita mitoki, usio na kidonda wala jipu karibu yake na usiopungua.

Si kila mwenye dalili hizi ana saratani. Wengi watakutwa na ugonjwa mdogo na watarudi nyumbani wamefurahi. Lakini hakuna mtu, hata daktari bingwa, anayeweza kuitambua saratani ya tezi ya jasho kwa kuitazama tu.

KINYAMA KILIKWENDA WAPI?

Miaka michache iliyopita tulimhudumia wodini mama wa miaka sitini na kitu. Jina lake na mahali alikotoka tunavihifadhi. Alikuwa na kinundu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, alichokaa nacho tangu mtoto wake wa mwisho akiwa shule ya msingi. Hakikumsumbua. Baadaye kilianza kukua na kutoa damu alipokigusa kwa kanga wakati wa kujifuta. Binti yake alikifunga uzi wa kushonea ili kidondoke. Hakikudondoka. Wakaenda mahali pa tiba karibu na kwao, wakamchoma sindano ya ganzi, wakakikata, wakashona nyuzi tatu, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani siku ile ile. Kidonda kilipona vizuri kabisa, na kila mtu akaridhika.

Baada ya miezi minane kilirudi, kikubwa kuliko mwanzo, na kinenani upande ule ule palikuwa na uvimbe mgumu kama mbegu ya embe.

Tulipokuwa tukimwandikisha tulimwuliza, "Shikamoo mama. Kile kinyama walichokukata mara ya kwanza, majibu yake yalisemaje?"

"Marahaba mwanangu," akajibu. "Majibu gani tena? Nilikiona kwenye beseni, kikafunikwa na pamba. Sikukiona tena."

Hapo ndipo penye moyo wa makala yetu. Kinyama kile kingepelekwa maabara, jina la ugonjwa lingejulikana mapema, na eneo lile lingekatwa upya kwa upana unaotakiwa kabla ugonjwa haujapanda. Safari hii kilipimwa, na jibu lilikuwa porokasinoma iliyokwisha kufika kwenye tezi za limfu za kinena. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi. Yupo hai na anahudhuria kliniki, lakini mguu wake umevimba na hautarudi kama zamani. Shamba sasa linalimwa na wajukuu.

Kwa hiyo, mama, lishike neno hili na umfundishe na mwenzako: uvimbe wowote unaokatwa mwilini upelekwe kupimwa. Unayo haki ya kuuliza kabla hujalala kitandani, "Daktari, kinyama hiki kitapelekwa maabara gani, na majibu nifuate lini?" Kuuliza hivyo si ukorofi wala si kumfundisha daktari kazi. Mwulize kwa heshima, na uandike jibu.

JINSI UGONJWA UNAVYOTAMBULIWA

Kipimo kikuu ni kuchukua kipande cha nyama ya uvimbe. Hufanyika kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, na kwa kawaida ni kazi ya dakika chache. Kama uvimbe ni mdogo unaweza kutolewa wote. Kama ni mkubwa huchukuliwa sehemu tu. Kipande lazima kiende kina cha kutosha. Kukwangua juu juu kunaweza kudanganya, hasa kwa ile saratani ya usoni, kwa sababu sehemu yake ya juu hufanana na vinundu visivyo na madhara, na ubaya wake umejificha chini.

Kinyama huwekwa kwenye chupa yenye dawa iitwayo formalini, si maji na si spiriti, na dawa iwe nyingi, yapata mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Chupa iandikwe jina. Fomu yake ijazwe kikamilifu: umri, mahali uvimbe ulipokuwa, umekaa muda gani, na kama mgonjwa aliwahi kuwa na saratani nyingine. Fomu tupu humfanya mtaalamu wa maabara afanye kazi gizani.

Huko maabara kinyama hulowekwa katika nta na kuwa kitofali kidogo, kikakatwa vipande vyembamba mno, vikatiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Kitofali kile cha nta hakitupwi. Hukaa miaka mingi, na kinaweza kukatwa tena au kupelekwa kwa mtaalamu mwingine kama jibu la kwanza lina mashaka. Ndiyo maana ile namba ya maabara iliyo kwenye karatasi ya majibu ni ya kutunzwa kama cheti cha kuzaliwa.

Sasa turudi kwenye undugu wa titi na tezi za jasho. Mama akikutwa na uvimbe wa kwapani, na darubini ikaonyesha saratani ya asili ya tezi, swali la kwanza ni hili: je, imeanzia kwenye ngozi ya kwapa, au imetoka kwenye titi ikafika hapo? Matibabu yanategemea jibu. Kwa hiyo mama atapimwa matiti yote mawili kwa mikono, kwa ultrasaundi na kwa picha ya matiti. Maabara zenye uwezo hutumia pia rangi maalumu zinazonasa protini fulani ndani ya chembe. Kwa mfano, alama iitwayo p63 mara nyingi huonekana katika saratani iliyoanzia kwenye tezi za ngozi, na mara nyingi haionekani katika ile iliyotoka kwenye titi. Hakuna alama moja inayotosha peke yake. Mtaalamu huzisoma kadhaa pamoja, akilinganisha na yale daktari aliyoyaona kwa mgonjwa.

Vivyo hivyo, mwenye ugonjwa wa Paget sehemu za siri atapimwa mlango wa kizazi, kibofu na utumbo mpana, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa kuna saratani nyingine iliyojificha huko ndani. Mama asishangae akiambiwa apime sehemu ambayo haimsumbui.

Hatimaye daktari atapapasa mitoki ya kwapa, shingo na kinena. Iliyovimba huchomwa sindano ili kutoa chembe za kupima. Pengine atahitaji picha ya kifua, ultrasaundi ya tumbo au CT-skani, ili ajue kama ugonjwa umesafiri.

MATIBABU

Tiba ya kwanza na ya maana kuliko zote ni upasuaji. Uvimbe hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi inayoonekana nzima, mara nyingi sentimita 1 hadi 2 kuzunguka. Wengi huuliza, "Mbona wamenikata kidonda kikubwa hivi kwa kinundu kidogo?" Sababu ni kwamba saratani hizi hutambaa chini ya ngozi kuliko macho yanavyoona. Kisha kingo za kinyama hicho nazo hutazamwa kwa darubini. Zikiwa safi, vizuri. Zikiwa na chembe za saratani, mgonjwa hurudishwa kukatwa tena. Kurudishwa huko si uzembe, ni sehemu ya tiba.

Pale kidonda kinapokuwa kikubwa, ngozi hutolewa pajani na kupandikizwa. Saratani ya kidole inaweza kulazimu kidole au sehemu yake kukatwa. Hilo ni zito kwa mama anayeshona au kusuka, na tusilipuuze. Hata hivyo kidole kimoja ni bei ndogo kuliko mkono au uhai.

Ipo pia njia iliyoanzishwa na daktari Frederic Mohs huko Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1930. Daktari hukata tabaka moja, analitazama kwa darubini mgonjwa akisubiri, kisha hukata tena pale tu palipobaki chembe za saratani, mpaka pasafike. Njia hii hufaa sana kwa saratani ya usoni, kwa kuwa haipotezi ngozi nzima bila sababu. Katika nchi zetu madaktari wanaoifanya ni wachache, hivyo mara nyingi hutumika upasuaji wa kawaida wenye ukingo mpana.

Kama mitoki ina ugonjwa, nayo hutolewa. Kwa porokasinoma, taarifa nyingi husema takribani mgonjwa 1 katika 5 hupata usambaaji kwenye tezi za limfu, na baadhi ya taarifa hutaja zaidi ya hapo. Ndiyo sababu kuwahi ni muhimu.

Mionzi hutumika baada ya upasuaji pale ambapo kingo hazikusafika, au ugonjwa umefuata mishipa ya fahamu, au umefika kwenye mitoki. Hapa Tanzania huduma ya mionzi inapatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyofanywa taasisi inayojitegemea mwaka 1996, na pia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa magonjwa ya ngozi kwa jumla kuna kituo cha mafunzo cha KCMC, Moshi, ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wengi wao wamepangwa katika hospitali za mikoa, hivyo uliza kama mkoani kwako yupo.

Dawa za saratani za kutundikwa kwa dripu hutolewa kama ugonjwa umesambaa. Kwa saratani hizi hazina nguvu ya kutegemewa kama zilivyo kwa baadhi ya saratani nyingine. Baadhi ya uvimbe huonyesha vipokezi vya homoni, na wagonjwa wengine wamesaidiwa na tamoksifeni, dawa ile ile ya saratani ya titi. Wengine wenye alama iitwayo HER2 wamesaidiwa na trastuzumabu. Kwa sababu wagonjwa ni wachache duniani, hakuna majaribio makubwa ya kulinganisha dawa hizi, na madaktari huamua kwa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja.

BAADA YA TIBA

Kidonda kikipona, safari haijaisha. Saratani hizi zinaweza kurudi baada ya miaka. Mgonjwa huitwa kliniki kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo, baadaye mara moja kwa mwaka. Wengi wetu huacha kwenda tukiona tuko wazima, tukisema nauli ni bora inunue sukari. Afadhali ndugu waijue ratiba hiyo mapema na waiwekee fungu.

Nyumbani, mama ajikague mara moja kwa mwezi anapooga. Apapase kovu, kwapa na kinena. Atazame nyayo na katikati ya vidole, na mgongo atazamwe na mumewe au binti. Uvimbe upimwe kwa rula na kuandikwa pamoja na tarehe katika daftari. Daktari hufurahi sana akiambiwa, "Januari ulikuwa milimita 6, Aprili ni 11."

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, kutoka jasho jingi huleta saratani hii? Hapana. Jasho ni kazi njema ya mwili.

Je, inaambukiza? Hapana. Mgonjwa ale sahani moja na familia na alale na watoto wake bila hofu.

Je, ni ya ukoo? Kwa walio wengi, hapana. Lakini zipo familia chache zenye kasoro katika jini iitwayo CYLD, ambazo watu wake huota vinundu vingi kichwani na usoni tangu ujana. Vingi havina madhara, lakini kimoja kinaweza kugeuka. Watu hao wawe na daktari anayewafahamu.

Je, inazuilika? Hatuna kinga ya uhakika. Jua kali na mionzi ya zamani hutajwa katika baadhi ya aina, na watu wenye kinga dhaifu ya mwili wako katika hatari zaidi ya saratani za ngozi kwa jumla. Kofia pana na mikono mirefu havimdhuru mtu, na kwa mwenye ualbino ni lazima.

Je, naweza kukikata mwenyewe kwa wembe, kukifunga uzi au kukichoma kwa dawa ya mganga? Tafadhali, hapana. Mambo hayo huondoa sehemu ya juu na kuacha mzizi, na makovu yake humpoteza daktari baadaye. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika, aliyefariki mwaka 1981, alikuwa na melanoma ya kidole gumba cha mguu ambayo mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Haikuwa saratani ya tezi za jasho, lakini inatufundisha jinsi kidonda cha mguuni kinavyoweza kudanganya.

WAJIBU WETU

Mara nyingi ugumu hauko kwenye kisu. Uko kwenye nauli, kwenye malazi ya mjini, na kwenye swali la nani atawapikia watoto wiki sita za mionzi. Hapo ndipo jumuiya na vikundi vya akina mama vinapokuwa na kazi. Maombi na hospitali havigombani. Mwenzenu akipewa rufaa, mmoja amsindikize ili asikie maelezo, mwingine ashike nyumba yake, wengine wachangie nauli. Ampeleke na karatasi zake zote katika mfuko mmoja: rufaa, namba ya maabara na majibu ya kinyama.

Na baba wa nyumba asiachwe nyuma. Mume aliyeelezwa vizuri mara nyingi ndiye anayekumbuka tarehe ya kliniki. Mama mwenye baka sehemu za siri anaogopa kumwambia mumewe asije akadhaniwa vibaya. Basi aende naye kwa daktari, aelezwe kwamba ugonjwa huu hauhusiani na uasherati.

Wiki hii, mama, chukua dakika kumi bafuni. Ukikuta kinundu kilichobadilika, usingoje kiume. Na kama umekwisha kukatwa uvimbe wowote na hukupewa majibu, rudi pale ulipokatiwa na daftari lako, uulize kama kitofali cha nta kipo. Kama kilitupwa, onyesha kovu lako kwa daktari na umweleze hivyo.